Kinywaji cha Wachukuzi

Wageni hupenda kuwaambia wenyeji wa Dar es Salaam kwamba mji wao hauna baridi. Neno hili ni kweli kwa apimaye kwa kipimajoto, lakini si kweli kwa apimaye kwa mwili wake. Mwezi wa Julai, upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini na mawingu mepesi kupita juu ya mapaa, joto la usiku huteremka hata nyuzi 18 au 19. Mtu wa Ulaya ya kaskazini atayaita hayo majira ya kiangazi, na atafungua vifungo vya shati lake. Mtu wa Kariakoo hufunga vyake. Watoto huvishwa sweta, wakokota mikokoteni hujitanda magunia mabegani alfajiri, na mwuza kahawa, ambaye mwezi wa Februari huzunguka na birika lake kwa subira, huona vikombe vyake havipati nafasi ya kupoa. Majira haya yana jina lake katika lugha yetu, nayo ni kipupwe. Jambo lenye jina lake limekwisha kukubaliwa na watu kuwa lipo.

Katika usiku mmoja wa kipupwe nilikuwa nimeketi barazani pa nyumba ya vinywaji, si mbali na Mtaa wa Uhuru. Rafiki aliyenialika aliniagizia glasi ya bia nyeusi, iliyopikwa katika mojawapo ya vile viwanda vidogo vilivyozuka siku hizi, ambavyo hupika bia kidogo kidogo na kuiuza kwa bei ya juu. Ilikuwa nyeusi kama kahawa, na povu lake lilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochemka sana. Haikuwa ya baridi kali kama bia tulizozizoea. Ilikuwa nzito, chungu mwanzoni, tamu kidogo mwishoni, na nyuma ya utamu huo palikuwa na ladha ya kitu kilichokaangwa. Ilishuka polepole, nasi tukainywa polepole, na upepo wa kusi haukutusumbua tena.

Rafiki yangu alisema kwamba hiki ni kinywaji cha Wazungu, kilichobuniwa kwa ajili ya theluji, na ya kuwa sisi tumekiazima. Meza ya pili alikuwa ameketi mzee mmoja ambaye tangu ujana wake alikuwa mchukuzi wa mizigo sokoni. Tulikuwa tumemwamkia, naye ametuitikia marahaba, na kwa kuwa maneno yetu yalimfikia, aliomba aonje. Tulimmiminia kidogo. Alionja, akanyamaza, akaonja tena, kisha akasema, “Hii si ya Wazungu, mwanangu. Hii ni pombe yetu ile ile ya mama zetu, ila imechujwa.”

Tulicheka sote, na yeye akacheka pamoja nasi. Lakini nilipofika nyumbani neno lake halikunitoka. Je, mzee alisema kweli, au ulevi ndio uliosema? Insha hii ni jaribio la kumjibu. Sikusudii kumsifia mtu ulevi, wala kumvuta mtu aliyejiepusha na kileo kwa ajili ya dini yake au afya yake. Kariakoo ni mtaa wa misikiti na madrasa, na wengi wa wenyeji wake hawajapata kuonja pombe wala hawana haja nayo. Nakusudia historia tu, kwa sababu kinywaji cha watu, kama chakula chao na mavazi yao, hubeba habari nyingi za wao kwa wao, na za waliowatawala.

Na tuanze na sehemu ya kwanza ya dai, yaani kwamba bia nyeusi ni kinywaji cha Wazungu. Katika maana moja neno hili halina ubishi. Bia nyeusi ya aina tuliyoinywa ilianza London katika miaka ya mwanzo ya karne ya 18. Ilitengenezwa kwa kimea cha shayiri kilichokaushwa kwa moto mkali hata kikawa na rangi ya udongo, ikatiwa maua ya hopsi kwa wingi ili iwe chungu na isiharibike upesi, kisha ikawekwa katika mapipa kwa miezi mingi. Ilikuwa rahisi na yenye nguvu, na walioipenda kuliko watu wote walikuwa wachukuzi: wale waliopakua merikebu katika Mto Thames, na wale waliobeba furushi na barua katika mitaa ya mji. Mchukuzi kwa Kiingereza huitwa porter, na kwa hiyo bia yenyewe ikaitwa porter, nasi twaweza kuiita porta. Ile iliyopikwa kwa nguvu zaidi iliitwa porta nene, na neno hilo la pili, stout, hatimaye likabaki peke yake.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa London kwa masomo, na katika majira ya baridi niliona kwa nini watu wale walikipenda kinywaji hiki. Kunapokucha saa mbili asubuhi na kuchwa saa kumi jioni, na mvua nyembamba isiyokwisha ikipenya katika mifupa, mtu hatafuti kinywaji cha kumpoza. Hutafuta kitu cha kumshibisha. Kwa mchukuzi wa zamani porta ilikuwa ni nusu ya chakula chake. Hakuinywa kwa anasa, bali ili apate nguvu ya kubeba mzigo unaofuata.

Hata hivyo haikubaki mikononi mwa wachukuzi. Kwa kuwa porta ilivumilia kuwekwa siku nyingi na kusafirishwa mbali, ilifaa sana kwa wenye mitaji. Arthur Guinness, aliyekodi kiwanda chake mjini Dublin mwaka 1759, aliacha kabisa kupika bia nyingine mwaka 1799, akashikilia porta peke yake. Wakuu wa viwanda vya London walishindana kujenga mapipa makubwa kama nyumba, hata tarehe 17 Oktoba 1814 pipa moja la kiwanda cha Meux likapasuka, na gharika ya bia ikaua watu wanane katika vibanda vya maskini waliokuwa jirani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1817, Daniel Wheeler alipata hati ya kulinda uvumbuzi wake wa kukaanga kimea ndani ya pipa la chuma lizungukalo juu ya moto, kwa namna ile ile ya kukaanga buni. Tangu hapo ndipo bia ikawa nyeusi hasa. Kwa hiyo msomaji asistaajabu akiona kwamba ladha yake yamkumbusha birika la mwuza kahawa wa Mtaa wa Msimbazi. Vyote viwili ni mbegu iliyopitishwa motoni hata ikakaribia kuungua, ikaondolewa kabla haijaungua.

Sasa tuitazame sehemu ya pili, yaani neno la mzee kwamba hii ni pombe ya mama zetu. Hapa yatupasa kuuliza pombe ni nini. Mpika pombe wa Afrika ya Mashariki huchukua nafaka, mtama au ulezi au uwele au mahindi, akailoweka, akaiacha ichipue gizani, akaianika ikauka, akaisaga. Hicho ndicho kimea, na neno lenyewe lina asili katika kitendo cha kumea. Nafaka inapochipua hujigeuza tamu, maana wanga uliomo hubadilika kuwa sukari ili uulishe mche mchanga. Mpika pombe humnyang’anya mche sukari hiyo kabla haujaila. Kisha hutia maji ya moto, hupoza, na chachu huifanya kazi iliyobaki. Mpika bia wa London naye hufanya hivyo hivyo kwa shayiri. Katika msingi wa kazi hapana tofauti hata moja.

Bali katika mambo mawili ambayo hudhaniwa kuwa ni ya bia nyeusi peke yake, yaani ukaangaji na uchungu, hapa kwetu pia pana mifano iliyo wazi. Wapikao busaa katika Kenya ya magharibi hulowesha unga wa mahindi mpaka uchachuke, wakaukaanga juu ya bati hata ukawa na rangi ya kahawia na kutoa harufu ya mkate ulioungua pembeni, ndipo wakautia maji na kimea cha ulezi. Hiyo ni kazi ya Wheeler iliyofanywa kwa bati badala ya pipa lizungukalo. Wachaga, katika nchi yao ya Kilimanjaro ambako kipupwe ni baridi ya kweli, huzichemsha ndizi zilizoiva hata zikageuka rangi, wakaziacha zichachuke, wakachanganya na uji wa kimea cha ulezi, na mbege yao huitia maji ya gome la msesewe ili iwe na uchungu. Msesewe kwao ni kama hopsi kwa Mwingereza. Mtu anywaye mbege katika kibuyu kando ya moto, mwezi wa Julai, ukungu ukiteremka kutoka mlimani, anafanya jambo lile lile alifanyalo mtu wa Dublin mwezi wa Desemba. Naye hakufundishwa na mtu wa Dublin.

Basi hadi hapa mzee hakukosa. Tofauti iliyo kubwa ni ile aliyoitaja yeye mwenyewe, yaani kuchujwa. Pombe yetu hunywewa pamoja na makapi yake, ingali hai na ingali ikichachuka, na baada ya siku mbili tatu imekwisha haribika. Bia huchujwa, hutiwa chupani, na hukaa. Kitu kikaacho chaweza kuwekwa ghalani, kusafirishwa, kutozwa kodi na kuuzwa na tajiri asiyekijua kukipika. Kitu kisichokaa hakina budi kubaki karibu na mikono iliyokipika. Tofauti hii ndogo ya jikoni ndiyo iliyofanya mambo makubwa katika historia ya mji wetu.

Ili kuyaona mambo hayo yatupasa kulikumbuka jina la mtaa wenyewe. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Wajerumani ilinunua shamba la minazi lililokuwa la Schoeller, ikakusudia kuwahamishia Waafrika huko, mbali na nyumba za Wazungu zilizokuwa upande wa bahari. Mwaka 1914 palijengwa jengo kubwa kwa ajili ya sherehe ya Kaisari, lakini vita vikaja. Waingereza waliutwaa mji tarehe 4 Septemba 1916, na mahali hapo wakaweka kambi ya kikosi chao cha wapagazi, Carrier Corps. Midomo ya watu ililainisha maneno hayo magumu, yakawa Kariakoo. Jengo lile likawa soko mwaka 1923.

Wapagazi hao hawakuwa watu wachache. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi isiyokuwa na barabara, ambamo farasi na ng’ombe waliuawa na mbung’o, na kwa hiyo kila risasi na kila gunia la unga lilipita juu ya kichwa cha mtu. Waliochukuliwa kwa kazi hiyo, kwa hiari au kwa nguvu, na pande zote mbili, walikuwa mamia ya maelfu. Waliokufa walikuwa makumi ya maelfu, nao waliuawa na kuhara, homa ya mapafu na njaa kuliko na risasi. Wengi wao hawana kaburi linalojulikana. Walichoachiwa ni jina la mtaa, na hata jina hilo wengi walitamkao hawajui kwamba linawataja wao.

Tazama basi jinsi mambo yalivyokutana. London ilikuwa na bia iliyopewa jina la wachukuzi. Dar es Salaam ina mtaa uliopewa jina la wachukuzi. Wale wa London waliheshimiwa kwa kinywaji chao hata kikapelekwa duniani kote. Wale wa Dar es Salaam walikatazwa kinywaji cha wenzao, na kinywaji chao wenyewe kikatiwa uani.

Nasema walikatazwa, kwa maana katazo hilo lilikuwa la sheria. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia kuingizwa kwa vileo vikali katika sehemu kubwa ya Afrika, na mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919 ukaurudia uzuio huo. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwalinda wenyeji na madhara ya pombe kali za biashara, na hapana shaka baadhi ya waliouandika walikuwa na nia njema. Lakini Waingereza walipoitawala Tanganyika walikwenda mbali zaidi. Katika miaka ya 1920 sheria zao zilivigawa vinywaji kwa rangi za wanywaji. Upande mmoja ikawa bia ya chupa, mvinyo na vileo vikali, ambavyo Mzungu aliruhusiwa na Mwafrika alikatazwa. Upande wa pili ikawa pombe ya kienyeji, ambayo Mwafrika aliruhusiwa, lakini katika mji mahali pa kuiuza pakachaguliwa na wakuu wa mji. Mji wenyewe ulikuwa umegawanywa kwa namna hiyo hiyo: Uzunguni penye bahari, Uhindini penye maduka, Kariakoo penye watu weusi, na uwanja wa Mnazi Mmoja katikati ili maradhi na makelele yasivuke. Sheria ya kileo ilikuwa ni ramani ya mji iliyoandikwa katika glasi.

Kariakoo ikapata soko lake la pombe. Wapikaji walikuwa wanawake, wengi wao wasio na waume wa kuwategemea, waliotoka bara au mashambani ya jirani na ambao mji haukuwa na kazi nyingine ya kuwapa. Kila mmoja alikuja na nafaka ya kwao na ujuzi wa kwao. Wakuu wa mji walipenda pombe ikusanywe mahali pamoja kwa sababu mbili. Ya kwanza, polisi waliweza kuona nani analewa na nani anasema nini. Ya pili, palikuwa na fedha. Mji wa Durban, Afrika Kusini, ulikuwa umeonyesha tangu mwaka 1908 jinsi halmashauri iwezavyo kuhodhi pombe ya Waafrika na kwa faida yake kulipia gharama za mitaa yao, yaani kuwafanya maskini wajilipie utawala wao kwa kiu yao. Habari hiyo ilienea Afrika yote ya Mashariki. Mchukuzi wa bandarini aliyekunywa kata ya pombe jioni alikuwa analipia mfereji wa mtaa wake bila ya kuambiwa.

Wakati huo huo bia ya chupa ilikuwa inapikwa karibu naye. Kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa Nairobi mwaka 1922. Katika miaka ya 1930 Dar es Salaam nayo ikapata kiwanda chake, na mwaka 1936 viwanda hivyo viwili vilikuwa chini ya jina moja la East African Breweries. Kiwanda cha Dar es Salaam hata leo kipo Mchikichini, katika Mtaa wa Uhuru, mwendo mfupi kwa miguu kutoka sokoni. Kwa hiyo kwa miaka mingi Mwafrika aliweza kuinusa harufu ya kimea kinachochemka, aliweza kuyapakia makreti katika gari, aliweza kuyabeba kichwani hadi mlangoni pa hoteli, na kilichokuwamo ndani hakuwa na ruhusa ya kukinywa. Marufuku ya bia ililegezwa tu baada ya Vita Kuu ya Pili, askari weusi walipokwisha kurudi kutoka Burma, ambako waliona na kufanya mengi. Vileo vikali vilingoja mpaka katikati ya miaka ya 1950.

Marufuku ilipoondoka, kilichotokea kilikuwa ndicho kile cha kutazamiwa. Bia ya chupa ikawa alama ya mtu aliyeendelea. Karani aliinywa mezani, na chupa akaiacha mbele yake ionekane. Kitu kilichokatazwa kwa ajili ya rangi ya mtu, kikiruhusiwa, hunywewa kwa ajili ya rangi hiyo hiyo. Na bia yenyewe ilikuwa nyepesi, ya manjano, angavu, ya baridi. Pombe ya soko ilikuwa nzito, ya rangi ya udongo, ya vuguvugu. Polepole watu wakaanza kuamini kwamba weupe na wepesi ndio ustaarabu, na ya kuwa uzito na weusi ni ushamba. Hapana sheria iliyoandika hivyo. Iliandikwa katika ulimi.

Hata hivyo wachukuzi na wapika pombe hawakuwa watu wa kutendwa tu bila ya kutenda. Makuli wa bandari waligoma mwaka 1939, mwaka 1943 na tena mwaka 1947. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika nyumba ya Mtaa Mpya, ambao sasa ni Mtaa wa Lumumba, ukingoni mwa Kariakoo. Bibi Titi Mohamed alipoanza kuwaandikisha wanawake mwaka 1955, hakuwatafuta katika shule, kwa sababu wengi hawakupata kusoma. Aliwatafuta katika vikundi vya ngoma, na kama alivyoonyesha mwanahistoria Susan Geiger katika kitabu chake cha mwaka 1997, wauza pombe walikuwamo miongoni mwa wanawake waliokibeba chama hicho mwanzoni. Walikuwa na fedha yao wenyewe, walijuana, na hawakumwogopa mume wala bwana shauri. Tena mwaka 1958, wafanyakazi wa kiwanda cha bia walipogoma, watu wa mji waliombwa waisusie bia, nao wakaisusia. Tendo hilo lina maana kubwa kuliko lionekanavyo. Watu waliokatazwa bia na serikali kwa miaka mingi walijikataza wenyewe kwa hiari yao, na mara hii kukatazwa kulikuwa ni nguvu yao.

Yaliyofuata baada ya Uhuru twaweza kuyataja kwa ufupi. Kiwanda cha bia kikaingia mikononi mwa umma mwaka 1967, kikatoa Safari Lager mwaka 1977, na mwaka 1993 kikauzwa kwa sehemu kwa wenye mitaji wa Afrika Kusini. Pombe ya nafaka nayo ikapata kiwanda, kwa jina la chibuku. Soko la zamani likabomolewa, na mahali pake Beda Amuli, msanifu wa Kitanzania, akasimamisha lile jengo la mapaa kama miavuli lililofunguliwa mwaka 1975 na kuunguzwa na moto usiku wa tarehe 10 Julai 2021, katika kipupwe kingine. Lakini jambo moja halikubadilika. Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 haikumwuliza tena mnywaji rangi yake, na kwa hilo yastahili sifa. Walakini iliendelea kuitenga pombe ya kienyeji katika fungu lake na leseni yake. Ubaguzi wa wanywaji ulikwisha, na ubaguzi wa vinywaji ukabaki.

Na zaidi ya sheria, ulibaki katika lugha. Hapo zamani neno pombe lilitosha kwa kila kinywaji cha nafaka kilichochachuka, na Mwingereza angaliweza kuambiwa kwamba naye anakunywa pombe ya shayiri. Sasa twasema bia kwa kile cha chupa, na pombe kwa kile cha kata. Tukitaka kumtukana mtu twasema amekunywa pombe. Tukitaka kumstahi twasema amepata bia mbili. Hata nilipokuwa nikiandika insha hii mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza, kwa adabu kabisa, “Mwalimu, kwani bia nayo ni pombe?” Sikuweza kumlaumu. Alikuwa amerithi swali hilo kama alivyorithi jina la Kariakoo, bila ya kuambiwa limetoka wapi.

Yamkini msomaji atapinga kwamba pombe ya kienyeji imeharibu nyumba nyingi, na ya kuwa usafi wake si wa kutegemewa. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Nami nakiri kwamba mapenzi ya historia yaweza kumfanya msomi aisifu kata ambayo yeye mwenyewe hanywi. Lakini bia ya chupa nayo imeharibu nyumba, na hakuna aliyesema kwa sababu hiyo kwamba maarifa ya kuipika si maarifa. Na habari ya usafi, wapika porta wa kwanza wa London hawakujua chachu ni kitu gani hasa, maana elimu hiyo ilikuja na Louis Pasteur katika karne ya 19. Walipewa muda na mtaji wa kujifunza. Wapikaji wa Kariakoo walipewa uani na polisi. Kisha wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakutuambia kwamba mgema akidharauliwa vizazi vinne, hatimaye hulisahau tembo lenyewe.

Hofu yangu ni hiyo. Maarifa ya kuchagua mtama wa kimea, ya kujua kwa kidole joto la maji, ya kuitambua chachu njema kwa harufu yake, hayakuandikwa popote kwa Kiswahili kwa ukamilifu wake. Yamo katika vichwa vya akina mama wazee, na kila kipupwe kinachopita huwapunguza. Justin Willis aliandika kitabu kizima juu ya vileo vya Afrika ya Mashariki, kikachapishwa mwaka 2002, nacho ni kitabu chema. Lakini ni cha Kiingereza, na kinaeleza hasa mamlaka ya mkono uliokishika kikombe. Mkono uliokijaza bado wangoja mwandishi wake. Vijana wenye viwanda vidogo, wanaosoma katika vitabu vya ng’ambo namna ya kukaanga kimea cha shayiri iliyoletwa kwa meli, wangaliweza kumwuliza bibi aliye mtaa wa pili namna ya kukaanga mahindi. Na sisi wenye vyeo vya elimu twaweza kumwuliza kabla yao, tukaandika.

Basi mzee alisema kweli? Nadhani alisema kweli, isipokuwa katika neno moja. Alisema bia ile ni pombe yetu iliyochujwa, kana kwamba kilichoondolewa ni makapi tu. Mimi naona kwamba pamoja na makapi yameondolewa pia majina ya waliopika. Usiku ule, glasi zilipokwisha, mzee aliinuka, akajifunga gunia lake mabegani kwa sababu ya upepo, akatuaga. Lori la viazi kutoka nyanda za juu lilitarajiwa sokoni saa tisa za usiku, naye alikuwa na mizigo ya kushusha.